Nisomee, Halafu Uniambie

Kwa miezi sita mizima niliamini kwamba mpiga chapa ananidharau.

Nilikuwa nauza chai na chapati pale Malaba, mpakani na Uganda, kwenye kibanda kilichotazamana na uwanja wa malori, na chumba chake cha kuchapia kilikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila siku saa tatu asubuhi nilimpelekea chai ya maziwa isiyo na sukari na chapati moja. Niliingia kwa adabu zote, nikapiga hodi, nikamsalimia, na yeye amenipa mgongo anagonga vibonye vyake kana kwamba aliyeingia ni upepo. Nikishaweka kikombe mezani ndipo alishtuka kidogo, akageuka, akatabasamu na kusema asante kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Huku kwetu mtu anasamehewa mengi, lakini si kuikalia salamu yako. Niliwaambia wenzangu wa vibandani kwamba yule mama Kiingereza kimempanda kichwani, na wao wakakubali, kwa sababu wote alikuwa ameshawafanyia vivyo hivyo.

Nayasema haya mwanzoni kwa kuwa mtu aliyenitendea wema kuliko wote nilianza kwa kumsengenya, na sipendi kujifanya kwamba nilimtambua mapema.

Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka. Malaba nzima walimwita Mpiga Chapa, hata baada ya taipureta yake kupandishwa juu ya kabati na kompyuta kuchukua mahali pake. Kila aina ya karatasi ilipita mikononi mwake: barua za madereva za kujieleza kwa matajiri wao, maombi ya kazi, mialiko ya harusi, historia za marehemu za kusomwa mazishini, na mafaili ya maajenti wa kutoa mizigo forodhani, ambayo ndiyo yaliyomlisha hasa. Simu hakuipokea hata iite mpaka ichoke. Ukimtaka, mtumie ujumbe au uje mwenyewe.

Kilichomfanya ajulikane kuanzia Malaba hadi Busia ni sharti lake moja. Hakuna karatasi iliyotoka mle ndani kabla ya mwenyewe kuisoma. Karibu na dirisha alikuwa amechora alama ya chaki sakafuni, na kila asubuhi aliichora upya. Ulisimama hapo, uso ukiwa umeelekea mwangani, naye akakaa mbele yako na nakala mkononi. "Nisomee," alisema, "halafu uniambie." Ulisoma sentensi moja ya Kiingereza, kisha ukaieleza kwa lugha yako: Kiswahili, Kiteso, Kisamia, chochote ulichozaliwa nacho au ulichokiokota njiani. Ukimaliza sentensi zote, na maelezo yako yakalingana na kilichoandikwa, alipiga muhuri wake wa zambarau na kusema, "Hii inaweza kwenda." Madereva walipaita pale kizimbani. Maajenti wenye haraka walilalamika, wakatazama saa, wakadai malori yanawangoja, na mwisho wakasimama kwenye chaki kama wengine wote.

Sababu aliyoitoa kwa watu ilikuwa mapacha. Ndivyo alivyoyaita maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti au kwa sura na kumbe kila moja lina shughuli yake. Alikuwa na daftari la jalada gumu alilowaandika humo wawili wawili, na kwa kuwa hapa mpakani mapacha wengi wa kiume huitwa Opio na Odongo, aliyetangulia na aliyefuata, naye aliwabatiza hivyo hivyo. Ukimletea neno asiloliamini alikuuliza, "Unamtaka Opio au Odongo?" Mapacha aliowapenda kuliko wote walikuwa "stationary" na "stationery," yule aliyesimama na yule wa makaratasi. Alisema Malaba yote imo ndani ya hao wawili, malori yaliyosimama na karatasi zinazoyasimamisha.

Nakumbuka dereva mmoja wa Mombasa aliyechelewa siku nne na tajiri wake akataka maelezo kwa maandishi. Alikuwa ameandika mwenyewe kwa kalamu, na alipofika kizimbani akasoma kwamba alisimamisha gari kwa sababu ya "break." Mpiga chapa akamwambia aeleze. Yule bwana akaeleza vizuri sana, kwa mikono na miguu, jinsi breki zilivyokataa kwenye mteremko na jinsi alivyomwomba Mungu. Mpiga chapa akamuuliza anamtaka Opio au Odongo. Dereva akasema, "Mama, mimi ni mtu wa Taita, hao siwajui kabisa." Tulicheka wote, hata yeye. Kisha akamfungulia daftari na kumwonyesha: mmoja ni ile inayokanyagwa kwa mguu, mwingine ni mapumziko. Kwa karatasi ile tajiri wake angesoma kwamba alisimama apumzike. Dereva akauliza kama anaweza kununua lile daftari.

Hakuliuza. Na katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kumcheka mtu kwa kosa lake la Kiingereza. Kuhusu Opio mcheke mpaka mchoke, lakini aliyecheka barua ya mwenzake alitumwa nje akanunue njugu za watu wote waliomo kwenye foleni. Kuna ajenti mmoja kijana aliyelisha foleni ile njugu kwa mwezi mzima ndipo akajifunza.

Nisije nikamfanya malaika. Katika mchezo wa drafti aliiba waziwazi. Alicheza na madereva kwa vizibo vya soda, na akiona anashindwa alikohoa, na kikohozi kikiisha kizibo kimoja kimehama. Alikuwa na kinyongo kirefu, na wahubiri wa maneno mengi hakuwavumilia. Halafu kulikuwa na bucha ng'ambo ya barabara iliyoandikwa kwa rangi nyekundu "FRESH MEET," yule pacha wa kukutana badala ya yule wa nyama, herufi kubwa kama mlango. Mtu aliyeweza kumrudisha wakili mara tatu kwa neno moja aliitazama ile bucha kila siku ya maisha yake pale na hakusema lolote. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ile haikuletwa kwake, na kwamba yule mwenye bucha hapunji mizani. Alinunua nyama hapo kila Jumamosi.

Siku niliyomjua hasa ilikuwa siku ya tairi. Nilikuwa nimefika mlangoni na sinia langu, nimeshasema hodi yangu ya bure, mara tairi la lori likapasuka pale nje, hatua kumi kutoka ukutani. Mlio wake sitausahau. Kuku walitawanyika, watu wakalala chini, na mimi nikaangusha kikombe, sahani, chapati na kila kitu. Mpiga chapa hakutikisika hata bega. Vidole vyake viliendelea kugonga, sentensi ikaendelea, mpaka chai ilipotiririka sakafuni ikafika kwenye kiatu chake. Hapo ndipo alipogeuka. Alitazama chai, akatazama vumbi dirishani na watu wanaonyanyuka, kisha akanitazama mimi, na akaona kwamba nimeelewa.

Aliniambia nifunge mlango nikae. Akanieleza kwamba sikio la kushoto lilianza kuondoka miaka mingi nyuma, la kulia likafuata, na sasa kilichobaki ni mngurumo tu, tena akiuhisi kifuani zaidi kuliko masikioni, na kwa malori ya pale alikuwa ameshauzoea. Watu aliwasoma midomo. Ndiyo maana ya dirisha, chaki na uso mwangani. Tatizo, alisema, ni kwamba midomo nayo ina mapacha wake, na ni wengi kuliko wa masikio. Mtu akisema "bale" la mitumba au "mail" ya posta, mdomo unafumba vilevile. Kwa hiyo alimtaka mtu asome, kisha aeleze kwa lugha yake, maana mara mbili zile ndizo zilizomhakikishia. Mapacha walikuwa kweli, lakini pia walikuwa pazia lake.

Nilimuuliza kwa nini asiwaambie watu. "Watu wanakuja hapa waniambie niandike," alisema. "Wakijua sisikii, nani ataniletea kazi? Na kazi nyingine mimi sijui." Halafu akaongeza, "Sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze tu."

Nilitoka pale na aibu ambayo sijui niielezeje. Miezi sita nilikuwa nimemsema mwanamke kwa salamu ambazo hakuzisikia hata moja. Kuanzia kesho yake nilizunguka meza, nikasimama mbele yake penye mwanga, ndipo nikamwamkia. Aliniitikia vizuri kabisa, akauliza habari za watoto na za mama yangu kule Rukala, Budalang'i, kama maji ya mafuriko yameingia shambani tena mwaka huu. Ilionekana kwamba habari zangu zote alikuwa anazijua, kwa kuniona nikizungumza na wateja ng'ambo ya dirisha.

Tukazoeana hata nikaweza kumwambia jambo bila kutoa sauti. Nikiwa mlangoni kwangu na yeye dirishani, nilimwambia kwa midomo tu kwamba maziwa yamechelewa, naye akatikisa kichwa. Siku moja aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia kwa haya kwamba niliishia darasa la nane, maji yalipochukua nyumba na karo ikaenda kwenye mabati. "Mimi la saba," alisema. "Umenizidi." Nilidhani ananitania. Akanionyesha cheti chake cha kupiga chapa, ambacho ndicho pekee alichokuwa nacho, na akaniambia kwamba Kiingereza chote kilichobaki alikiokota kwenye karatasi za watu, neno kwa neno, akiogopa kila siku. Lile daftari alilianza kwa sababu ya woga huo. Tangu siku hiyo aliniwekea karatasi moja iliyoharibika chini ya kikombe kila nilipofika, na kabla sijaondoka nilikwenda kizimbani kama wengine. Mwanzoni nilisoma kama mtu anayetembea kwenye matope ya kwetu Budalang'i. Hakunihurumia, wala hakunichoka.

Kulikuwa na meneja wa kampuni moja ya kutoa mizigo ambaye mafaili yake yalikuwa zaidi ya nusu ya kazi ya mpiga chapa. Alikuwa mtu safi, mwenye haraka, si mbaya. Asubuhi moja alikunywa chai kwangu na akaniuliza, akitazama kikombe, kama ni kweli yule mama hasikii. Inaonekana mtu alikuwa amempigia mpiga chapa honi barabarani, na yeye hakugeuka. Niliulizwa waziwazi, na mimi niliombwa kunyamaza tu, lakini nilifanya zaidi ya nilichoombwa. Nilisema anasikia vizuri sana. Meneja alilipia chai yake akaondoka, na uso wake ulionyesha kwamba hakuniamini.

Saa tatu nilipopeleka chai nilimkuta meneja mle ndani, amesimama nyuma ya mpiga chapa, karibu kabisa na kiti. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, kuna moto nyuma ya nyumba." Vidole viliendelea kugonga. Akasema tena, kwa nguvu kidogo. Wale wa kwenye benchi walishaanza kuinuka. Mimi nilikuwa mbele ya meza na sinia, na mpiga chapa akainua macho kunitazama kwa sababu ya harufu ya chapati. Bila sauti nikamwambia kwa midomo: "Nyuma yako. Anakujaribu."

Kwa kile nilichompa angeweza kujiokoa. Angeweza kugeuka, akasema utani wowote, akaniachia mimi uongo wangu. Alimaliza mstari aliokuwa akiuchapa, akaweka nukta, akazungusha kiti taratibu.

"Ni kweli, sisikii," alisema. "Mwaka wa tisa sasa. Boss, katika hiyo miaka yote, ni karatasi gani yako ilitoka hapa ikarudishwa?"

Meneja alifikiria, na nampa haki yake kwamba alifikiria kweli. "Hakuna," akasema. "Lakini shida si hiyo, mama. Shida ni hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeniletea?"

Meneja akachukua mafaili yake matatu yaliyokuwa mezani na kutoka.

Habari ilifika hadi upande wa Uganda kabla ya chakula cha mchana. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Wengine walihamia kwenye duka la kompyuta lililofunguliwa karibu na benki. Wengine walikuja kwa huruma na kumpigia kelele sikioni, jambo ambalo lilimuumiza kuliko wale waliohama. Aliishusha taipureta juu ya kabati akaifuta vumbi siku nzima bila sababu. Nilimwomba msamaha kwa uongo wangu, nikidhani ndio uliomtia meneja hasira. Akaniambia uongo wangu ulikuwa wa kitoto lakini ulikuwa upande wake, na kwamba tangu masikio yaondoke hakuwa na mtu wa upande wake. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililobadilisha maisha yangu. "Mimi sina masikio, na wewe hicho kibanda kimekuwa kidogo kwako. Njoo tukae meza moja."

Kibanda nikamwachia dada yangu. Nilipokea simu, niliwaandikia waliotaka kuandikiwa, na yeye alikagua. Wateja walikuwa wachache hata tukawa tunacheza drafti mchana, na aliniibia kama alivyowaibia madereva.

Halafu Jumanne moja aliingia karani wa yule meneja na faili kubwa kwapani. Hakutoa salamu ya bosi wake wala maelezo. Tulichapa alichotaka, na kilipotoka hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwenye chaki, akageuza uso dirishani, akafungua mdomo vizuri na kusoma polepole, sentensi kwa sentensi, akieleza kila moja kwa Kiswahili. Nyuma yake walikuwepo madereva wawili na mama mmoja wa mitumba. Kila mmoja, zamu yake ilipofika, alifanya vilevile, uso mwangani, midomo wazi, na hakuna aliyepiga kelele. Mpiga chapa aligonga mihuri yake minne na kila mara akasema, "Hii inaweza kwenda." Wa mwisho alipotoka, yeye alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nilikuja kusikia kwamba karatasi za kampuni ile zilizochapwa kwenye duka la karibu na benki zilikuwa zimerudishwa na forodha mara kadhaa. Meneja mwenyewe hakuja kuomba radhi hata siku moja, lakini mafaili yake yaliendelea kuja mpaka mpiga chapa alipostaafu.

Miaka saba nilikaa meza ile. Katika miaka hiyo nilijiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Kiingereza ndicho nilichokiogopa na ndicho nilichokipita vizuri kuliko vyote. Leo nina ofisi yangu Busia, karibu na steji ya pikipiki za boda. Vijana wanakuja na barua walizoandika kwenye simu na wananiambia, "Madam, simu imeshasahihisha." Nawaambia simu haijui ulitaka kusema nini. Kisha nawaonyesha chaki. Wananung'unika, na mimi navumilia, kwa sababu najua walivyonung'unika wengine kabla yao na karatasi zao zikafika.

Nilikuwa nimeandikia watu barua za shukrani zisizo na idadi, na yeye sikuwahi kumwandikia hata moja. Nilisikia anaumwa miguu na hatoki tena kijijini kwake Mundika, na nikaingiwa na hofu kwamba nitakuja kuiandika ili isomwe mazishini. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka jana nilikaa nikaichapa, ukurasa mmoja wa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndicho nilichokipata mkononi mwake. Niliiogopa kuliko mtihani. Niliikunja ndani ya bahasha, nikapanda boda.

Nilimkuta mlangoni amekaa kwenye mkeka, anabambua njugu kwenye beseni, sweta ni ile ile. Alikuwa amepungua sana. Nilizunguka nikasimama mbele yake ndipo nikamwamkia. Aliiona bahasha, akasukuma beseni pembeni na kufuta mikono. Nilimnyooshea barua, akaitazama bila kuipokea. Akanionyesha kwa kidole mahali jua lilipoangukia, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Nisomee."

Nikaenda nikasimama. Nilisoma sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilikuwa inaeleza zile salamu za miezi sita, na hapo sauti ikanikatika. Ilikauka kabisa, machozi yakanijia, na sikuweza kutoa hata mkoromo. Lakini midomo ilikuwa yangu bado, nikaendelea nayo. Nilisoma ukurasa wote hivyo. Mkwe wake alitokeza jikoni, akaniona nimesimama juani nacheza midomo bila sauti, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Mpiga chapa hakumsikia. Hakujua kwamba sauti yangu imekwisha. Macho yake hayakutoka mdomoni pangu, na kila sentensi ilipoisha alitikisa kichwa nipite kwenye inayofuata.

Nilipofika mwisho alisema, "Halafu uniambie."

Nikamwambia kwa lugha ya nyumbani Rukala, maneno matatu tu ya shukrani, hayo pia bila sauti.

Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Kwa mazoea mkono wake mwingine ulipapasa mkekani ukitafuta muhuri, ukakuta njugu. Aliikunja barua mara nne, akaiingiza ndani ya sweta, upande wa kushoto, na mimi nikangoja lile neno lake la siku zote.

"Hii imefika," alisema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, na nadhani nusu ya Mundika walimsikia.